Wanaohama na Wanaobaki

Jumanne, tarehe 5

Barua ya uhamisho imefika leo saa nne, imelowa upande mmoja kama kila kitu msimu huu. Kituo chetu cha mizani kinafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mimi napelekwa kituo kipya, mwendo wa siku mbili kwa lori kutoka hapa, na natakiwa kuripoti tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Nisiporipoti, nihesabu nimejifukuza kazi mwenyewe. Nyumba hii ni ya kazi, kwa hiyo funguo narudisha siku ile ile ninayotoka. Miaka kumi na tisa napima malori, na sijawahi kuhitaji hata moja kwa ajili yangu.

Nilimpa Mama habari akiwa anafuta vyombo. Mama ni mama mkwe, ila tumeishi wawili chini ya bati hili muda mrefu kiasi kwamba hilo neno la pili lilishadondoka.

"Hongera," akasema. "Utakuwa unanipigia simu."

"Kwani wewe unabaki na nani?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea upande gani. "Nabaki kumngoja mwanangu. Akija amkute nani?"

Mwanawe ndiye mume wangu. Miaka kumi na moja iliyopita, msimu kama huu, mtaro wa mbele ya nyumba uliziba na maji yakaanza kupanda barazani. Akavua viatu vyake vya kazi, akavaa ndala, akachukua jembe. "Narudi sasa hivi," alisema. Jembe tulilipata. Yeye hatukumpata, si mtaroni, si mtoni, si hospitali, si polisi, wala kwa ndugu.

Kumwacha Mama hapa peke yake siwezi. Kazi nayo siwezi kuiacha, ndiyo inayotulisha wote wawili. Nina wiki nane za kumng'oa mwanamke huyu mlangoni pake.

Jumatano, tarehe 6

Mvua.

Jumamosi, tarehe 9

Kampuni ya kwanza ya kuhamisha imekuja. Namba yao nilipewa na Mbwembwe, mwenzangu wa zamu, yule anayekata karatasi za uzito na kuimba hata kama hakuna anayesikiliza. Kazi yao inakwenda hivi: kwanza wanamtuma mtu wa kukadiria mzigo, anapita chumba kwa chumba na kuandika kila kitu. Kisha anavigawa mafungu mawili. Vitu visivyotumika vinafungwa wiki moja kabla. Vile vinavyotumika kila siku vinafungwa asubuhi ya kuondoka.

Aliyekuja nimempa jina Bwana Picha. Alipiga picha kila kitu kwa simu, mpaka sufuria ya ugali iliyoungua chini. Mama alimkaribisha vizuri kabisa, akampa kiti na maji ya kunywa, na kila alipopita akamwambia, "Piga tu, mwanangu, piga. Mimi sihami."

Jumanne, tarehe 12

Orodha ya Bwana Picha imefika. Juu kabisa ameandika: wakazi, watu wazima watatu.

Nikacheka. Nikashuka chini kwenye fungu la vitu vya kila siku, nikaacha kucheka. Miswaki mitatu. Taulo tatu. Wembe mmoja wa kunyolea ndevu. Viatu vya kazi vya mwanamume, pea moja, vimelowa.

Ni vitu vya mume wangu. Vipo kwenye rafu ya korido, karibu na mlango wa nyuma, pale pale alipoviacha. Na kwamba vinatumika, hilo nalijua siku nyingi. Taulo lake naliona bichi asubuhi. Wembe unahama, leo uko kulia, kesho uko kushoto. Mvua ikinyesha, viatu vinapata matope mapya, mekundu kama ya mtaroni. Mama ndiye anayefanya haya, nani mwingine? Sikuwahi kumuuliza. Kila mtu ana namna yake ya kubeba msiba, na yeye ni mama yake, nikaona nijitie hamnazo. Lakini sasa michezo yake imeingia kwenye karatasi za watu.

Jumatano, tarehe 13

Nimewapigia simu ofisini kwao. Nikawaambia nyumba hii ina watu wawili, wanawake, warekebishe. Binti wa upande wa pili akaniomba nisubiri, akafungua picha, akarudi na sauti ya upole iliyonikera.

"Mama, hapa naona vitu vya mtu wa tatu, na vinatumika. Tukiandika wawili na yuko wa tatu, bima haitukubalii."

"Mimi ndiye ninayekaa humu, au wewe?"

"Ni wewe, mama. Lakini picha ndiyo hii."

Nikakata simu. Wabaki na bima yao.

Alhamisi, tarehe 14

Mvua. Viatu vimelowa.

Ijumaa, tarehe 15

Jua. Viatu vikavu, taulo kavu. Mama amefua mashuka na kuyaanika kwa raha zake, kama mtu asiye na safari.

Jumapili, tarehe 17

Mvua tangu alfajiri. Mama ana mafua makali, hajanyanyuka kitandani siku nzima, nimempelekea uji mara mbili. Saa kumi jioni nimepita korido. Viatu vimelowa mpaka kwenye kamba. Huyu mama ni mgonjwa wa namna gani, sijui. Nimekasirika, lakini nguvu za kugombana na mtu mwenye homa sina.

Jumatatu, tarehe 18

Mbwembwe anasema nimekonda. Nikamwambia apime mwenyewe, mizani si hiyo hapo.

Alhamisi, tarehe 21

Kampuni ya pili. Huyu nimemwita Kanali. Anatembea kifua mbele na anapima kabati kwa kamba yenye mafundo, hataki mchezo. Nilimpenda. Nikajisemea, huyu hadanganywi na taulo bichi.

Alimaliza vyumba vyote kwa dakika ishirini, akaja kusimama korido. Akainama, akagusa tope la viatu kwa kidole kimoja, akakifuta ukutani.

"Mwenye nyumba yuko nyuma?"

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Nauliza mwanamume. Tope hili ni la leo, dada."

"Hayupo."

"Siku ya kufunga atakuwepo? Sisi vitu vya mtu mzima hatuvigusi bila mwenyewe kusimama hapo. Tuliwahi kuingizwa kwenye ugomvi wa mume na mke, tukaishia kituo cha polisi. Ndiyo sheria yetu."

Nikamwambia mume wangu hayupo miaka kumi na moja. Kanali akaangalia viatu, akaniangalia mimi, akakunja kamba yake taratibu. Alisema atapiga simu. Hatapiga, nilimsoma usoni.

Ijumaa, tarehe 22

Naandika haya mchana.

Asubuhi nilimkuta Mama jikoni. Nilikuwa nimejiandaa, maneno nilishayapanga kitandani.

"Mama, inatosha sasa."

"Nini inatosha?"

"Viatu. Taulo. Wembe. Miaka yote hii nimenyamaza, nikasema ni mwanao, fanya utakavyo. Lakini sasa unanikosesha gari. Kampuni mbili nimezikosa. Kama hutaki kuhama niambie usoni, usinipige chenga kwa viatu."

Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka mezani kwa uangalifu, kama kimejaa wakati kilikuwa kitupu.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilidhani ni wewe."

Nilidhani ananichezea. Namjua huyu mama. Akitaka kudanganya huangalia dirishani. Leo alikuwa ananiangalia mimi.

"Tangu mwaka ule wa kwanza nilidhani ni wewe," akasema. "Nikawa nasema moyoni, mke wa mwanangu bado anampenda, mpaka tope analitafuta linalofanana na la mtaroni. Ndugu walipokuwa wanakuja kusema uolewe, mimi ndiye niliyewafukuza. Nikawaambia, mwacheni, bado anamlowanishia viatu vyake. Wakaniona nimechanganyikiwa."

Nikakaa chini. Na mimi nilikaa katika nyumba hii kwa sababu hiyo hiyo. Mara mbili nilitaka kuondoka, niseme ukweli. Mara zote mbili nilipita korido, nikaona viatu vibichi, nikasema huyu mama bado anamhudumia mwanawe, nitamwachaje. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake kwa jambo ambalo hakuna aliyelifanya.

Tukaenda korido pamoja, tumeshikana mikono kama watoto. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mama akatia mkono ndani ya kiatu cha kushoto, akautoa haraka.

"Weka mkono wako."

Nikauweka. Nje kiatu kilikuwa baridi, kinachuruzika maji. Ndani kulikuwa na joto, lile la kiatu ambacho mtu amekivua sasa hivi.

Jumamosi, tarehe 23

Mama amepika chakula cha watu watatu, akagutuka, akamwaga cha tatu. Kisha akakaa na kulia kwa sababu amekimwaga.

Jumatatu, tarehe 25

Tumevikausha viatu juani, tukavitia kwenye boksi, tukazungushia utepe wa gundi mara nne. Mama ameandika jina lake juu ya gundi, nami langu. Boksi liko chini ya meza ya sebuleni, mahali tunapoliona wote.

Jumanne, tarehe 26

Jua.

Jumatano, tarehe 27

Jua. Nimeanza kujiona mjinga.

Alhamisi, tarehe 28

Mvua ilianza saa tatu asubuhi. Niko zamu ya mchana, kwa hiyo tulikuwa wote sebuleni, Mama anashona kifungo, mimi napiga pasi. Hakuna aliyesogea. Saa nne na nusu Mama akasema, "Angalia chini." Boksi lilikuwa limeloa kitako chote na maji mekundu yalikuwa yanatambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Majina yetu juu ya gundi hayakuguswa.

Nilipangusa sakafu mwenyewe. Kazini nimechelewa kwa mara ya kwanza, Mbwembwe akanipigia makofi.

Jumatano, tarehe 3

Mwezi umegeuka. Zimebaki siku ishirini na sita, na gari sina.

Leo Mama amekuja kukaa kitandani kwangu kabla sijaenda kazini. Amevaa kitenge cha kutokea, kama mtu anayekwenda kutoa taarifa mahali.

"Nitahama," akasema.

Siku zote hizi nilikuwa nalitafuta neno hilo, na liliponifikia sikufurahi hata kidogo.

"Miaka kumi na moja nasema yuko hai," akaendelea. "Nilisema amepoteza kumbukumbu, nikasema amefungwa mahali, nikasema ana mke mwingine. Hata mke mwingine nilimpenda, mradi tu awe hai. Lakini mwanangu angekuwa hai angebisha hodi. Hawezi kupita mlango wa nyuma, akavaa viatu, akavua, asiniamkie. Anayeingia humu bila kuniamkia hana sauti ya kuniamkia."

Akalia. Mama huyu sikuwahi kumwona analia mchana kweupe. Nilimshika mabega, yamebaki mifupa mitupu, na nikajichukia kwa kumwona adui wiki zote hizi. Nilidhani ananizuia kuondoka, kumbe alikuwa amelishikilia tumaini lake kwa meno.

"Ana haki ya kupumzika," akasema. "Tukiondoka, labda ataacha kutafuta viatu."

Ijumaa, tarehe 5

Mvua. Nimevitoa viatu kwenye boksi na kuvianika mimi mwenyewe, karibu na jiko. Mama ameona.

Jumapili, tarehe 7

Mvua. Nimevianika. Nikajikuta nasema, "Futa miguu basi." Sijui kwa nini nimesema. Alipokuwa hai nilimwambia hivyo kila siku na hakufuta hata mara moja.

Jumanne, tarehe 9

Kampuni ya tatu ni mwanamke mmoja na lori moja. Mbwembwe alisema watu humwendea wakishakwama kwingine. Ni mfupi, mnene, pua imeziba kwa mafua, na anatembea na turubai limekunjwa begani hata akiwa hana mzigo. Basi nimemwita Mama Turubai.

Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akapiga chafya mbili, akauliza.

"Wangapi wanahama, na wangapi wanabaki?"

"Wanahama wawili," nikasema. "Mimi na mama."

"Sikuuliza hilo tu. Wanaobaki?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Nikahisi vidole vyake vimenishika nguo.

Mama Turubai akapangusa pua. Hakuwa na uso wa mtu mwenye siri, alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi nyingine inayomsubiri. "Sikilizeni, mimi ni mbeba makabati. Kuna nyumba nilihamisha bila kuuliza, nikarudishwa barabarani mara tatu. Mara ya kwanza lori lilizima. Mara ya pili wenye mzigo waliamka wakakuta makabati yote yamewageuzia mgongo. Mara ya tatu sisemi. Tangu hapo nina utaratibu wangu. Siku ya kupakia, kabla kitanda hakijatoka, mtu wa nyumba anasimama hapa mlangoni na kusema kwa sauti, fulani anakwenda, fulani anabaki. Mmoja mmoja. Waliopo na wale wengine. Vitu vya anayebaki vinabaki. Nani atasema, pangeni wenyewe, ila likishasemwa, limesemwa."

"Na akikosea huyo msemaji?" nikauliza.

"Asikosee."

Nimemchukua. Nani mwingine atatuchukua?

Jumatano, tarehe 10

Mama anataka mimi niseme. "Wewe ndiye mkewe." Nikamwambia yeye ndiye mama yake. Tumesukumiana hivyo mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, tarehe 12

Nimejaribu kulisema jikoni peke yangu, nione uzito wake. "Anabaki." Lilitoka nusu. Miaka kumi na moja natamani kuwa mtu asiyengojea mtu. Nimemwonea wivu hata mjane wa jirani, ambaye angalau alizika. Sasa nimepewa mlango na ruhusa, na neno lenyewe silimalizi.

Alhamisi, tarehe 18

Kufunga masanduku. Mgongo umenikatika.

Jumatatu, tarehe 22

Mvua. Viatu. Tope liko mpaka sebuleni sasa, nyayo nne au tano kati ya masanduku, zinazunguka na kurudi. Anaona tunafunga. Mama amezifuta kabla hajanywa chai.

Jumatano, tarehe 24

Mvua. Nyayo zimefika mlangoni pa chumba changu, zikaishia hapo. Nimekaa kitandani nikizitazama mpaka zikakauka. Naogopa. Lakini hofu yenyewe si ya mwizi. Ni ile ya kumwona mtu amesimama kituoni, na gari lako halina nafasi.

Jumamosi, tarehe 27

Mama amekubali kusema yeye.

Jumanne, tarehe 30

Naandika ndani ya lori, tumesimama kubadilisha gurudumu, siku ya pili ya safari. Nieleze ya jana kabla hayajapoa.

Mama Turubai alifika saa moja asubuhi na dereva na wapagazi wawili. Mvua ya manyunyu. Mama akasimama mlangoni na kitenge chake cha kutokea, akanyoosha mgongo. "Mimi nakwenda," akasema. "Binti yangu anakwenda." Mara ya kwanza kuniita binti yangu mbele za watu. Kisha akameza mate, akaangalia ndani ya korido. "Mwanangu anabaki. Pumzika, baba. Tumekungoja, umetuona tulivyokungoja."

Mama Turubai akaitikia kwa kichwa, wapagazi wakaingia. Viatu, taulo, wembe na mswaki tuliviacha kwenye rafu. Nikafunga mlango, nikamkabidhi funguo mtu wa ofisi aliyekuwa akingoja barazani. Mama alipanda lori bila kugeuka nyuma. Mimi niligeuka.

Lori lolote lenye mzigo lazima lipite mizani kabla ya kuingia barabara kuu, na mizani ni yetu. Mbwembwe alikuwa zamu ya mwisho ya kituo. Alikuwa amenipangusia kiti. "Bosi, njoo upime mzigo wako mwenyewe, uwe wa mwisho kwenye kitabu." Nikaona sawa, ni heshima.

Wote wakashuka, kama inavyotakiwa. Dereva akazima injini. Niliwahesabu kwa macho kupitia kioo cha kibanda: dereva, wapagazi wawili, Mama Turubai anapiga chafya, na Mama kwenye benchi chini ya bati. Hakukuwa na upepo. Nikaangalia namba.

Kilo elfu tisa mia tatu arobaini. Sitini. Ishirini. Hamsini na tano.

Wasiofanya kazi hii hawawezi kujua. Mzigo wa mbao na vyuma ukishakaa, namba inasimama, maana kabati halipumui. Namba ikipanda na kushuka hivyo, kwenye lori kuna ng'ombe, au kuna mtu ambaye hajashuka, na anabadilisha mguu wa kusimamia. Kila wiki nakamata wawili watatu waliodandia.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kipaza sauti. Haki ya Mungu sikufikiri. Miaka kumi na tisa nasema maneno yale yale kwa sauti ile ile.

"Aliye ndani ya lori ashuke."

Sauti ikazunguka uwanja mzima. Namba ikaruka mara moja, ikaanguka, ikatulia. Elfu tisa mia mbili sabini. Haikusogea tena.

"Imetulia, bosi," Mbwembwe akasema, akanyoosha mkono kukata karatasi.

"Ngoja."

Nilijisikia kama nimempiga mtu kofi mbele za watu. Alisikia Mama akisema abaki, na bado alikuja, akajibana huko nyuma kati ya kitanda na masanduku, akingoja tuondoke. Na mimi, mkewe, nimemshusha kwa kipaza sauti kama nilivyowashusha wadandiaji wote. Niliangalia nje. Pembeni ya gurudumu la nyuma hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa inanyesha pale sawasawa na kwingine.

Mama hakuwa anaangalia lori. Alikuwa ananiangalia mimi.

Ningeweza kukata karatasi. Namba ilikuwa safi, ya kuandikwa kitabuni. Kituo kingefungwa, nami ningefika kule mtu huru, na hakuna ambaye angenilaumu, hata yeye mwenyewe Mama. Nilifikiria hivyo vyote, sijifichi. Kisha nikabonyeza kipaza sauti tena.

"Panda," nikasema. Ikatoka nzima. "Panda, mume wangu, tunaondoka."

Wapagazi wakatazamana. Mbwembwe akarudisha mkono aliokuwa ameunyoosha. Namba ikakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani nimechelewa. Halafu ikapanda. Mia tatu arobaini. Mia tatu hamsini na tano. Ishirini. Ikaanza kucheza.

"Kata karatasi."

"Haijatulia, bosi."

"Najua. Kata hivyo hivyo."

Kuna watu niliwaandikia barua za onyo kwa kosa hilo. Mbwembwe akakata, akanipa kwa mikono miwili. Mama Turubai aliisoma nje kwenye manyunyu, akaikunja, akaitia ndani ya turubai lake.

"Umebadilisha neno," akasema.

"Nimebadilisha."

"Basi usije kunipigia simu kuniambia nimrudishe." Akaenda kufunga kamba, na nikaona anafunga legelege upande wa nyuma, nafasi ya mtu kukaa.

Mama Turubai na wapagazi wake waliishia mizani, kwenye kabini tukabaki watatu, dereva, Mama na mimi. Nilikuwa naogopa huko tunakokwenda kuliko nilivyowahi kuogopa korido ile. Nilikuwa pia nalia, na sikutaka dereva aone.

"Huko," Mama akasema baada ya saa nzima, akiangalia barabara, "nyumba ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Kimoja changu."

"Kimoja chako, Mama."

Akajifunga kitenge vizuri mabegani. "Basi atalala kwako. Mimi nilisema abaki."

Nikamwambia sawa, Mama.